Ombi la Cheti cha Kutojua Kushona

Kasongo, tarehe 14 Mei

Kwa Madamu Dieudonnée,
Mwalimu wa kushona kwa njia ya simu,
Kindu

Kuhusu: ombi la cheti

Madamu Mwalimu,

Pokea salamu zangu za heshima. Hatujaonana hata siku moja, lakini sauti yako naifahamu kuliko sauti za dada zangu, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Mimi naitwa Gédéon Kalonda. Ni mtu wa pikipiki, nabeba abiria na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mado, mwanafunzi wako, yule mwenye maswali mengi, ni mke wangu.

Mado anashona nyumbani kwetu, barazani, tangu tulipooana. Alikuwa anashona vizuri kwa kadiri ya hapa: sketi, mashati ya shule, mapazia. Ana miaka arobaini na mitatu, na shule aliiacha katika darasa la tano. Nilifikiri mtu wa umri huo amekwisha kujua yale atakayojua, kilichobaki ni kuyatumia polepole. Kisha mwezi wa kumi mwaka jana rafiki yake Nadine akamwonyesha masomo yako ya simu, akajiandikisha, na tangu siku ile nyumba yangu haijatulia. Naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, nikiyapa namba, ili lisirukwe hata moja.

1. Sauti yako. Unatuma somo Jumanne na Ijumaa. Mado analisikiliza mara tatu: mara ya kwanza ili asikie, mara ya pili ili aandike, na mara ya tatu, anavyosema mwenyewe, ili afurahi. Simu anaiweka ndani ya sufuria tupu ili ipaze sauti. Mimi nakula bukari yangu, nasikia: "Mwanafunzi mpenzi, usivute uzi kwa hasira." Madamu, mimi sijavuta uzi wowote. Nimeketi, nakula. Lakini mkono wangu unalegea wenyewe.

2. Mwili wangu. Somo la saba lilisema kwamba pindo la gauni halipimwi mezani, linapimwa juu ya mtu aliyesimama. Mtu aliyesimama nyumbani kwetu ni mimi. Nilivalishwa gauni la Pascaline, muuguzi, kwa sababu urefu wetu ni mmoja. Nilikuwa juu ya kiti, mikono hewani, Mado akinizunguka na pini mdomoni, Célestin alipoingia. Célestin ni mtu wa pikipiki kama mimi, alikuja kuazima ufunguo wa plagi. Hakucheka. Alitazama pindo kwa makini, akasema, "Upande wa kuume iko chini kidogo." Mado akamshukuru. Na kweli ulikuwa chini kidogo, ndicho kilichoniuma zaidi.

3. Mama yangu mzazi. Somo la kumi halikuwa la sindano kabisa. Ulifundisha jinsi ya kuwa fundi kamili ukiwa nyumbani kwako: kuwa na saa za kazi, kuandika maagizo katika daftari, kuahidi siku na kuishika. Kesho yake Mado akaandika kwa chaki ukutani: KAZI SAA MBILI MPAKA SAA SITA. WAGENI BAADAYE. Juma lile lile mama yangu akafika kutoka Nyangwe, saa nne asubuhi, na samaki wake wakavu kichwani. Mama mkwe aliyetoka Nyangwe hasomi kuta. Mado alimpigia magoti, akampa maji, akamwonyesha benchi la wateja: "Mama, kaa kwanza, namaliza hii."

Nikajua leo kuna vita. Nilitoka nje nikajifanya nakaza cheni ya pikipiki. Niliporudi, mama yangu alikuwa amekwisha kupimwa mabega, anachagua kikwembe cha kushonewa. Akaniambia, "Gédéon, tangu nizaliwe hakuna mutu alinipima. Walikuwa wananikadiria tu." Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuwapatanisha. Mpaka leo ninayo, hayajapata kazi.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa pili Mama Hidaya wa Kabambare aliagiza gauni la arusi kwa Mado, la Asma, mtoto wa ndugu yake. Haikuwahi kutokea kwamba arusi ya Kabambare ishonwe barazani kwetu. Mado alilishughulikia gauni lile wiki mbili, na mkono wa kushoto aliufumua mara mbili kwa sababu yako. Mimi nikapewa kazi ya kulifikisha.

Mvua ilikuwa imenyesha. Baada ya kijiji cha Lusangi kuna kijito chenye daraja la miti, na siku ile mti mmoja haukuwepo. Pikipiki ilianguka upande mmoja, mimi upande wa pili, na mzigo ukanasa kwenye kikanyagio ukapasuka. Sikuthubutu kuufungua njiani. Niliufungulia Kabambare, mbele ya Mama Hidaya na wanawake wote wa ukoo. Kwapa lilikuwa limechanika upana wa kiganja, na pindo linaning'inia. Arusi ilikuwa kesho.

Mama Hidaya hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Rudisha. Na umwambie bibi yako: sifa yake ilifika mpaka hapa, na hapa imefia." Asma alikuwa ametazama ukuta. Mimi nimezoea kutukanwa barabarani, Madamu, lakini lile halikuwa tusi langu. Lilikuwa la mtu ambaye hakuwepo, aliyekuwa Kasongo akipiga pasi, akiamini kazi yake imefika salama.

Nikapanda kilimani penye rezo ya simu, nikampigia Mado, nikamwambia yote. Akauliza:

"Weye, hukuumia?"

Nikasema goti tu.

"Mikono iko muzima?"

Nikasema iko muzima.

"Basi kamata sindano."

Rezo ikakatika. Nilishuka, nikaomba maji ya kunawa, sindano na uzi mweupe. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Maishani mwangu nilikuwa nimeshika sindano kwa kutoa mwiba tu. Lakini hapo ndipo ulipoingia kichwani mwangu bila kubisha hodi. Nilijua kwamba unaanzia ndani ya mshono wa zamani. Nilijua kwamba upande wa nje unaokota nyuzi mbili tu za kitambaa, ili mshono usionekane. Na nilijua, Mungu wangu, kwamba usivute kwa hasira. Nilishona tangu saa nane mpaka jua likaanza kushuka. Nilifumua mara mbili. Vidole vyote vya mkono wa kushoto vilitoboka, na nilivifunga kitambaa ili nisichafue gauni. Mama Hidaya alikuja kusimama nyuma yangu, kisha akaketi, kisha akaanza kuninyooshea kitambaa. Nilipomaliza, aliligeuza gauni ndani nje, nje ndani, akitafuta palipochanika. Hakupaona. Akawaita wengine watafute. Asma akalivaa, akazunguka mara moja, akacheka. Kesho yake aliolewa nalo.

Nilifurahi, sikufichi. Nilirudi Kasongo naimba juu ya pikipiki. Furaha ile ndiyo iliyoniharibia.

5. Kwa maana sasa siwezi kusimamisha pikipiki Kabambare bila mtu kuniletea kilichochanika. Juzi abiria wangu Gérard, muuza chumvi, aliniomba tusimame katikati ya msitu nimtengenezee kola. Nilisimama. Maagizo ya Kabambare kwa Mado yamefika tisa, na wateja wanasema ashone yeye ama mume wake, ni sawa. Ni sawa, Madamu! Yeye amesoma miezi saba, mimi nilikuwa nakula tu. Nilitegemea Mado akasirike, anitetee kwa kunifukuza kwenye mashini. Alichukua daftari lake, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu, na chini yake: msaidizi, kwa majaribio, miezi mitatu.

Kwa sababu hizo naomba mambo mawili. Kwanza, ufundishe kwa sauti ya chini, ama kwa maneno yasiyoingia kichwani mwa mtu asiyejiandikisha. Pili, na hili ndilo ombi kubwa, unitumie cheti chenye muhuri, kikisema hivi: "Mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kwamba bwana Gédéon Kalonda hakusoma kwangu, hajui kushona, na yote aliyoyashona aliyashona kwa bahati." Nitakibandika mbele ya pikipiki, chini ya taa, kila mtu akisome.

Ukiona ni vigumu kuthibitisha kutojua kwa mtu ambaye hujamwona, niko tayari kufanya mtihani kwa simu, na nakuahidi kwamba nitaanguka. Ila ili nisije nikapatia swali hata moja kwa bahati mbaya, nitahitaji kurudia masomo yote tangu la kwanza.

Nikitumaini kwamba utanielewa kama mtu anayepigania heshima yake, nabaki mtumishi wako mnyenyekevu. Wasalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa na wadogo, na wanafunzi wako wa Kindu ambao waume zao bado wanakula kwa amani. Mama yangu anakusalimu kutoka Nyangwe, anasema mabega yanakaa vizuri. Célestin naye anakusalimu, anauliza kama somo la pindo lina sehemu ya pili.

Gédéon Kalonda,
mtu wa pikipiki

N.B. Somo la Ijumaa, lile la zipu, lilikatikia pale uliposema: "Sasa geuza kitambaa, halafu..." Halafu nini? Suruali ni ya mchungaji wetu, nimeikata mwenyewe, na Jumapili iko karibu. Mado siwezi kumuuliza, nilimwambia nimekwisha kuimaliza. Tafadhali litume tena, kwa namba yangu, nimeiandika nyuma ya bahasha. Cheti si cha haraka.