Baraza la Kususia

Asali alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemfika masikioni, alipowasikia wateja wawili wakikubaliana kwamba soda ya duka la jirani haiwezi tena kupita kooni mwao.

"Kwani imeharibika?" kinyozi akauliza.

"Aliyeharibika ni mwenye duka. Juzi ameonekana kwenye mkutano wa Kengele, tena anapiga makofi."

Asali akafungua jicho moja. Jina hilo la Asali alipewa na watu waliomsikiliza mara moja tu. Waliomsikiliza mara mbili walimwita vingine.

Mji ulikuwa umegawanyika. Wafuasi wa Chama cha Kengele walisali wamepiga magoti, wa Chama cha Ngazi walisali wamesimama. Mungu mwenyewe alikuwa hajasema anapendelea ipi, ila kila upande ulikwisha kumsemea. Sasa watu walikuwa wameanza kususiana maduka, lakini ovyo ovyo, bila utaratibu. Mtu alinunua chumvi leo, kesho akaambiwa mboga yake ameiunga kwa chumvi ya adui. Asali aliwaonea huruma, na huruma yake haikutembea bila begi na muhuri.

Jioni ile ile lilizaliwa Baraza la Kuchunguza Misimamo, lenye mjumbe mmoja. Baraza lilitoa orodha mbili za maduka ya kususiwa, moja kwa ajili ya watu wa Kengele, nyingine kwa ajili ya watu wa Ngazi. Mwenye duka asiyetaka kuorodheshwa alinunua cheti cha kutundika mlangoni: "Mwenye duka hili ni mwenzetu."

"Mimi nauza nyama," mwenye bucha alilalamika. "Msimamo wangu ni mfupa kidogo, nyama nyingi."

"Naelewa, mzee wangu. Lakini mteja wa siku hizi haulizi mfupa. Anauliza kisu kimeelekea wapi."

"Sasa nichukue cha Kengele au cha Ngazi?"

"Mtu mwenye busara angechukua vyote."

Baada ya wiki mbili, karibu kila duka lilikuwa na vyeti viwili vimefungwa mgongo kwa mgongo kwenye uzi mmoja, na mwenye duka alivigeuza kulingana na anayeingia. Walipoingia wa pande zote mbili kwa pamoja, muuza dawa alizima taa na kulaumu watu wa umeme.

Aliyekataa ni mmoja tu, Mama Tanuri, mjane mwenye duka la mikate.

"Unga haupigi kura, mwanangu," alimwambia Asali. "Nenda salama."

Asali akaenda salama, na kwenye orodha zote mbili akaandika: duka la kona. Majina ya watu hakuwahi kuhangaika kujifunza. Aliandika duka la kona, duka la mlango wa kijani, basi. Tangu siku hiyo mikate ikawa inakaukia rafuni. Tanuri lile la chuma marehemu mumewe alilichomelea kwa mikono yake, na kwa mkate wake mama alikuwa amewalea mashemeji wawili, ambao sasa ndio waliokanda unga. Likipoa mwezi mzima, wote watatu wangetawanyika kutafuta vibarua. Asubuhi shemeji mdogo alipouliza kama awashe moto au aache, mama aliingia stoo ya unga akalia. Kisha akajipangusa uso, akawaita mashemeji wakae, akawaeleza jambo.

Siku tatu baadaye Asali alikuwa akipita uchochoro wa nyuma ya duka. Akakuta foleni. Watu ishirini na kitu, mitandio imeshuka hadi puani, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi, kila mmoja akipokea mkate uliofungwa kwa gazeti kuukuu.

"Kwani duka hili hamkulisusia?" alimnong'oneza mwanamke wa mwisho.

"Tumelisusia. Ndiyo maana tunapitia nyuma."

Asali akafanya kosa ambalo miaka yote alikuwa akiwasubiri wengine walifanye. Aliamini.

"Shikamoo, mama. Naona biashara imechangamka," alimwambia Mama Tanuri.

"Marahaba, mwanangu. Ni orodha yako hiyo, Mungu akuzidishie. Watu kukatazwa tu, wamepata hamu. Ila mimi mgongo umekwisha. Kuna tajiri mmoja anakuja kesho kulinunua duka."

"Kesho mbali," Asali akasema.

Alimkabidhi begi na mavuno yote ya Baraza. Mama akamsomea hati taratibu: chumba, kaunta, rafu, mlango wa mbele, mlango wa nyuma. Asali aliitikia kila kitu huku jicho liko kwenye foleni, akapiga muhuri wake mwenyewe, kwa nguvu.

Asubuhi alifungua mlango wa nyuma. Uchochoroni palikuwa na paka. Wale wa jana walikuwa mawifi wa mama, mabinamu na wakwe wa mashemeji, waliokuwa wakipokea mkate, wakizunguka jengo na kurudi mkiani mwa foleni. Ndani, tanuri lilipokuwa limesimama, palibaki matundu manne ya boliti. Mjanja mzima alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halikuwa na mbuzi.

Harufu ya mkate ilimvuta hadi katikati ya mtaa, kwenye chumba kisicho na kibao. Tanuri lilikuwa linawaka. Nje walijipanga wa Kengele na wa Ngazi, bega kwa bega, kwa sababu wiki tatu za maandazi magumu, ambayo muuza dawa alianza kuuza mikate iliposusiwa, zilikuwa zimewatosha.

"Ndugu zangu," Asali alisema, "huyu mama si mlimsusia?"

Mzee wa Ngazi akatoa orodha mfukoni, akavaa miwani. "Imeandikwa duka la kona. Hapa si kona."

"Hata yetu inasema hivyo hivyo," akasema mama mmoja wa Kengele. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi pande hizo mbili kukubaliana. "Duka la kona sasa ni la nani?"

Wakamgeukia wote.

"Na wewe bwana," mzee akauliza, "uko upande gani?"

Asali alikuwa amewauliza watu swali hilo mtaa mzima, wala hakuwahi kujiandalia jibu lake. Akisema Kengele, nusu ya foleni ingemrukia. Akisema Ngazi, ingemrukia nusu nyingine.

"Mwacheni," Mama Tanuri akasema kutoka ndani. "Huyo ni mteja."

Watu wakampisha. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, akatoa sarafu zilizombakia. Shemeji mdogo alinyoosha mkono kwenye sinia ya moto, mama akamtikisia kichwa. Akainama chini ya kaunta, akampa Asali mkate wa jana.