Mafuta ya Nazi Kwenye Cherehani ya Marehemu Mama

Leo nimejiumbua mwenyewe, mbele ya wanaume wa msikiti mzima. Nina hasira na nafsi yangu. Naandika hivyo hivyo, herufi zikikosea mnisamehe.

Mnaikumbuka cherehani ya marehemu mama? Ile nyeusi, ya miguu, aliyokuwa anashonea kule kijijini kwetu Mbuchi. Mafuriko yaliingia ndani ikazama yote, na mama akafariki kabla haijashona tena. Niliileta Kibiti ikiwa donge la kutu na tope. Nikaifungua barazani kwangu, skrubu moja moja. Mafuta ya taa, msasa, mswaki wa mume wangu, baba Nasma (anaamini umepotea). Nimeisugua huku nanyonyesha. Siku kutu ilipotoka yakaonekana maua ya dhahabu ubavuni, nililia, sitaki kusema uongo.

Sasa Mama mkubwa, dada yake mama, akasema kitu cha marehemu hakiwezi kukaa tu bila uamuzi. "Ikishona, kaa nayo, ushone, thawabu zimfikie mwenyewe. Isiposhona, iende chuma chakavu, tumalize." Nikakubali. Ndiye mkubwa wetu. Jana kaingia kutoka Mbuchi na doti mpya ya khanga. Leo asubuhi ndiyo ipindwe, aone kwa macho yake.

Jana jioni naimalizia, kuitia mafuta, kichupa cha mafuta ya cherehani kimekauka. Duka limefungwa. Nikaangaza macho: mafuta ya nazi yapo. Mafuta ya nazi tunapaka nywele, tunapaka mtoto, tunachulia mgonjwa. Chuma kitakataa nini? Nikamimina kila tundu nililoliona. Gurudumu likazunguka kama limepagawa! Nikalala nimefurahi. (Cheti cha kidato cha nne kipo kabatini. Fizikia nilifaulu. Msiniulize.)

Asubuhi baridi. Mnakijua kipupwe cha mwaka huu. Mama mkubwa kakaa mkekani, mwanangu Nasma kampakata mapajani. Nikaweka khanga chini ya sindano. Bismillahi. Nikakanyaga.

Kimya.

Nikakanyaga tena. Mkanda unateleza, gurudumu halitikisiki. Nikalisukuma kwa mikono miwili. Zito kama limejengewa kwa saruji!

"Taratibu, Zuwena."

"Jana ilizunguka, Mama mkubwa! Wallahi ilizunguka!"

"Imekaa majini mno, mwanangu. Imekufa. Kubali."

Neno hilo, imekufa, ndilo lililonipandisha. Na kama kaitwa, Mudi wa vyuma chakavu huyo anapita na baiskeli yake, spika inabwabwaja: "Sufuria bovu, jembe bovu, leta!" Nikamsimamisha mwenyewe. Nikakifungua kichwa cha cherehani mwenyewe. Nikakibeba mwenyewe mpaka kwenye keria, nikakifunga na kamba ya mpira.

"Chukua! Sitaki kukiona! Miguu yake utairudia, tutapatana."

"Zuwena, usifanye na hasira."

"Si ndicho ulichokitaka?" (Ndiyo. Nilimjibu hivyo dada wa mama yangu. Najijua.)

Mudi akaondoka. Nikakaa chini nikalia. Mama mkubwa akasogea karibu. Alinivuta kichwa akakiweka kati ya magoti yake, akaanza kunisuka. Nikamwachia. Upande mmoja ukaisha, jua limeshapanda. Akanyoosha mkono akachukua chupa ya mafuta pale kizingitini, akamimina kiganjani. Yakamwagika mpaka mapajani.

"Ee! Mbona yamekuwa maji? Asubuhi si uliyachokoa na kijiti ukimpaka mtoto?"

Nikakitazama kile kiganja. Jamani. Yaliganda! Usiku kucha, ndani ya cherehani, yaliganda kama samli. Haikufa. Ilikuwa na baridi tu!

Sikumbuki nilivyosimama. Nilikimbia na kandambili moja, gauni la kushindia ndani, kichwa wazi, nusu kimesukwa nusu kimetimka. Nikamwona Mudi mbele, kwenye kona ya msikiti. Na leo Ijumaa. Wanaume wamejaa wanatia udhu.

"Mudi! Simama!"

Spika inabwabwaja, hasikii. Anaikanyaga baiskeli yake. Anaondoka na mkono wa mama yangu, hivi hivi namtazama. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Mwizi! Mwiziii!"

Nyie mnajua neno hilo linavyofanya kazi. Kanzu zilipepea zote kwa pamoja. Wakamwangusha na baiskeli yake. Shati likachanika kutoka begani mpaka kiunoni. Mmoja keshainua kiatu. Na katikati yao, mikono ya kanzu kaikunja, maji yanamdondoka ndevuni, nani? Baba mkwe.

"Kaiba nini, Mama Nasma?"

"Cherehani ya marehemu mama."

"Kaingilia wapi?"

Nikatazama kandambili yangu moja.

"Dada, sema!" Mudi yuko chini, mchanga mdomoni. "Sema kweli, wataniua!"

"Nilimpa," nikasema.

"Hatukusikii!" akafoka mwenye kiatu.

"Nilimpa mwenyewe! Nimembebea mpaka kwenye baiskeli!"

Kiatu kikashuka polepole. Mtu mmoja nyuma akachekea puani. (Wewe wa puani nimekuona, na kwenu napajua.) Baba mkwe hakucheka. Alivua kashida yake begani, akanifunika kichwa bila kunitazama usoni.

"Mwombe radhi mtoto wa watu," akasema. "Hapa hapa."

Nikapiga magoti mchangani nikamwomba. Hapo sifanyi utani. Alikuwa anaokota spika yake, na aliyemwangusha ni mimi.

Mudi akapangusa mchanga mdomoni. "Ungenizika leo, dada. Nina watoto mimi." Kisha akajikagua. "Chuma chako chukua, sikitaki hata bure. Ila shati hili utanishonea. Siwezi kuingia kwa mke wangu hivi, nitaelezea nini?"

Akaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, mimi nyuma yake na kashida ya mkwe kichwani, watoto wa mtaa wananisindikiza kama bibi harusi. Jua limeichoma ile cherehani njia nzima. Tukairudisha juu ya miguu yake. Mudi kakaa mkekani, kajitanda khanga ya Mama mkubwa. Nikakanyaga.

Ikaenda! Kwa sauti ile ile ya Mbuchi, ile niliyokuwa naisikia nikirudi shule kabla sijafika mlangoni.

Nikashona kutoka begani mpaka kiunoni, sikupinda hata mara moja. Mama mkubwa akapitisha kidole juu ya mshono. "Huu ni mkono wa marehemu mwenyewe kabisa," akasema, akalia. Mimi nikalia. Nasma alipotuona naye akalia. Mudi akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda.

Basi cherehani imebaki kwangu. Mama mkubwa katamka mwenyewe, na mengine tumesameheana. Kesho lazima nipite pale pale msikitini, maana njia ya sokoni ni hiyo moja. Atakayenichekea namshona mdomo. Chombo ninacho, na kinafanya kazi.