Dada, Mwite Mumeo Arudi Nyumbani

Kwako Dada yangu mpendwa,

YAH: OMBI LA KUMRUDISHA MUMEO

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nitaeleza.

Natumaini hujambo na magoti yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo una malalamiko. Shemeji alipostaafu ukarani wa mahakama, uliniandikia kwamba anashinda dirishani bila kusema neno, ukaniomba nimchukue kwenye msafara wa kuswaga ng'ombe, apate kuchangamka. Nilimchukua. Amechangamka kupita kiasi, kama ifuatavyo:

1. Anasalimia ng'ombe. Si kundi zima kwa pamoja, bali mmoja mmoja, kila asubuhi, na tunao mia moja na arobaini. Miaka ishirini na miwili nimeondoa makundi kabla ya jua kuchomoza. Sasa tunaondoka umande umeshakauka. Nilipomkanya alinijibu, "Shemeji, hata wewe nikikupita kimya utanuna." Hilo ni kweli, lakini si jibu.

2. Amewaharibu wenzangu. Ng'ombe mwekundu anayetangulia amempa jina la Mama Mwenyekiti, naye siku hizi hainui mguu mpaka aambiwe tafadhali. Mluzi wangu hausikii tena. Waswagaji wangu wawili, Kipara na Mrefu, waliokuwa watu wa matusi ya kawaida tu, nao wameambukizwa. Juzi Kipara aliniambia, "Tafadhali nisogezee birika." Nilishinda kutwa nzima nikisubiri anitake ugomvi.

3. Mto. Tuliukuta umejaa. Nilipiga kelele, nikapiga fimbo, kundi likarudi nyuma mara tatu, na mara ya tatu likarudi na mimi. Shemeji akavua viatu, akakunja suruali, ambayo hata hivyo ililowa yote, akaingia mpaka kiunoni. Akamwambia yule ng'ombe kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia kesi, "Mama, maji ni baridi ila si mengi. Tangulia, tuko nyuma yako." Akatangulia. Wakavuka wote, hata ndama mmoja hakupotea. Mimi nilivuka wa mwisho, nimeng'ang'ania mkia wa ng'ombe, kwa sababu sijui kuogelea. Jambo hilo nilikuwa nimelificha tangu nianze kazi hii. Sasa linajulikana.

4. Bega langu lililoniuma miaka sita limepona, maana siku tisa sijainua fimbo. Nakuuliza, Dada, mtu asiyeumwa popote ataheshimiwa kwa lipi huku porini?

5. Tulipofika mnadani, bwana mifugo aliuliza kiongozi wa msafara ni nani. Kipara akamwonyesha Shemeji. Mrefu akamwonyesha Shemeji. Shemeji akanionyesha mimi, kwa heshima zote, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu umwandikie kwamba paa linavuja, au umelazwa, au lolote litakalomrudisha upesi. Nilimchukua achangamke, sikumchukua anifundishe kazi.

Wasalimie wapwa zangu wote, mkubwa kwa mdogo, na jirani yako mshonaji. Ukimwona mke wangu, mwambie bega bado linanisumbua.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Kiongozi wa Msafara (mpaka leo)

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Asubuhi hii tajiri mwenye mifugo ametukabidhi mitamba sitini wa kurudi nao, wakali, hawajawahi kuona barabara wala binadamu mwenye haraka. Mrefu aliwakimbia akapanda ua, tumemshusha sisi. Wakati huo huo Shemeji amenivuta pembeni akasema amekukumbuka mno, na kwamba atakuandikia kukuomba arudi nyumbani. Dada, damu yangu, akikuandikia mjibu kwamba nafasi hakuna, chumba umeshampangisha mtu, na mtu huyo ana watoto wengi.