Tonge la Shangazi Tumpe

Leo nimeaibika mbele ya wali wangu mwenyewe. Nawaandikia mapema, ninyi niliosoma nanyi, kabla hamjazipata habari kutoka kwa watu wa stendi. Huko inasemekana nimekula sumu, nikafa kidogo, halafu nikafufuka.

Sijafa. Nimekaa jikoni kwangu, nimeshabadilisha nguo mara ya pili leo.

Kwa wale ambao hatujaonana siku nyingi: mimi ni Mama Lusajo yuleyule, mwenye kibanda cha chakula karibu na mashine ya kukoboa mpunga hapa Kyela mjini. Bango bado linasema "Kwa Mama Bonge". Bonge mwenyewe ndiye hayupo. Mwanzoni mwa mwaka mwanangu aliniita Dar, nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, kwa sababu ya sukari na kwa sababu ya magoti ambayo yalikuwa yameshaanza kunikataa. Mfuko wa chakula uliobaki unatoshana na ndizi moja. (Nazungumzia ndizi sukari, si mzuzu.)

Nikapewa masharti. Samaki au maharage kwanza, wali mwisho, kama nafasi bado ipo. Kijiko cha chai. Tafuna mpaka kiwe uji. Na usinywe kitu chochote wakati unakula. Hilo la mwisho aliambiwa mtu ambaye tangu utotoni kila tonge alilisukuma kwa funda la maji! Lakini nilikubali yote, na sijuti. Sukari imeshuka. Siku hizi napanda ngazi za kanisani bila kusimama katikati na kujifanya nasalimia watu.

Hapa nyumbani sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Tumbo ni langu, sikuona kwa nini nilipeleke mkutanoni. Basi watu wakajitungia wenyewe. Anaumwa huyu. Amelogwa na mama lishe wenzake. Mumewe anamnyima chakula. (Maskini mume wangu, hata akienda kunyoa anapewa pole.) Hayo sikuyajali. Lililonichoma ni moja tu: mpishi gani huyu asiyekula chakula chake? Kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kuwa hakuna kitu kibaya ndani. Zamani hakuna aliyenidai nionje. Mwili wangu ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Leo mchana akaja Mzee Asajile wa Ipyana. Anaoza kijana wake na anatafuta mpishi wa harusi. Kazi hiyo naitaka tangu niliposikia fununu zake, maana ukipika harusi ya Mzee Asajile na watu wakaondoka wameshiba, hakuna tena wa kuuliza umekonda kwa nini. Alikuja na dada yake, Shangazi Tumpe, mwanamke mrefu ambaye hacheki bila sababu.

"Mugonile," nikawasalimia, nikapiga goti. (Goti zima. Nilitaka walione.)

"Ndaga," Shangazi akaitikia, akinikagua kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu akarudi juu tena. "Mama Bonge yuko wapi?"

"Ndiye mimi, Shangazi."

"Hm."

Nikawatengea sinia: wali, samaki mbasa wa mchuzi, maharage. Wakanawa mikono. Kisha wakakaa. Hakuna aliyegusa kitu. Nikaelewa. Nikatoa kijiko changu cha chai kwenye mfuko wa aproni, nikachota kipande cha samaki, nikaanza kutafuna. Nikatafuna. Nikaendelea kutafuna. Mzee Asajile akakohoa.

"Unatafuta mwiba?" Shangazi akauliza.

"Natafuna tu, Shangazi."

"Samaki umemwonja. Na wali? Mpishi anayeuogopa wali wake, sisi tuuleje?"

Wapakiaji wa mashineni walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na wote wakaacha kula ili wasikie vizuri. Shangazi akauchota wali kwa mkono wake, akaufinyanga tonge la ukubwa wa yai la bata, akalichovya kwenye mchuzi, akaninyooshea.

"Haya. Hili."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo nilikuwa nao, maneno nilikuwa nayo. Ila na kiburi nacho nilikuwa nacho. Nikalipokea tonge, nikaliingiza mdomoni zima zima, nikalimeza huku natabasamu. Kisha, ili nimalize kwa fahari, nikachukua bilauri ya maji nikashushia. (Ndiyo. Maji. Juu ya wali. Mtaalamu wangu wa lishe akisoma hapa, naomba anisamehe.)

Kwa muda hakuna kilichotokea. Nikamtazama Shangazi kama mshindi.

Halafu likasimama. Katikati ya kifua, pale pale, halishuki na halipandi. Mate yakajaa mdomoni. Kwikwi ikaanza. Machozi yakatoka yenyewe. Nyumbani likinikwama huwa nasimama, nainua mikono juu na kutembea taratibu mpaka lipite. Basi nikafanya hivyo hivyo. Nikazunguka katikati ya mabenchi, mikono juu, mdomo nimeufumba, machozi yanatiririka, na kila baada ya hatua chache, kwik. Mimi nilikuwa kwenye matibabu. Wateja waliona kitu kingine.

Wifi yangu Atupele, tunayepika naye, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akalitazama sinia. Akanitazama mimi.

"Wifi amekula sumu!" akapiga kelele. "Maziwa! Leteni maziwa!"

Mnajua jinsi watu wetu wanavyoamini maziwa. Vijiko vilishuka vyote kwa pamoja. Mpakiaji mmoja, aliyekuwa amemaliza sahani na kuomba nyingine, akakimbilia nyuma ya migomba na kidole kooni. Mwingine akawa anamuuliza kila mtu, "Sumu iko kwenye maharage au kwenye samaki? Mimi sijala maharage." Jirani akaleta dumu la maziwa mgando, na badala ya kuletewa mimi mgonjwa, wazima wakaanza kugawana. Nikaona kwa macho yangu watu wanapanga foleni, wananyoosha vikombe vyangu, na mmoja anasema atangulizwe kwa sababu ana watoto wadogo.

Nikamtikisia Atupele kichwa, maana kufungua mdomo nilikuwa siwezi. Yeye akadhani ndiyo nakata roho. Akanishika kidevu na kunimiminia kikombe kizima, tena kimetiwa sukari. Ninyi mnaopika mnajua sufuria iliyojaa ikiongezwa inakuwaje. Vyote vikarudi: maziwa, maji, na mwishoni tonge. Vilitua juu ya viatu vya Mzee Asajile, vile vyeusi anavyovaa kwenda kanisani.

Shangazi Tumpe akainama, akatazama.

"Halijatafunwa," akasema.

Hewa ikapita kifuani, na pamoja na hewa zikaja hasira. Kwanza nilijikasirikia mwenyewe. Kisha nikaiona ile foleni na vikombe vyangu mkononi, nikawakasirikia wote. Nikapandisha blauzi kidogo pembeni, hapo hapo mbele ya watu, nikamwonyesha Shangazi makovu.

"Hapa, na hapa, na hapa. Waliingiza vyombo, wakakata tumbo. Mimi ndiye niliyetaka. Siumwi, sijalogwa, na mume wangu haninyimi chakula. Wali wangu ni mzuri leo kama ulivyokuwa mwaka jana. Tumbo ndilo dogo. Anayetaka kula, ale. Anayetaka maziwa, amalize, anirudishie kikombe."

Mpakiaji wa nyuma ya migomba akachungulia. "Kwa hiyo mimi nimetapika bure?"

"Bure kabisa," nikamwambia.

Shangazi akayatazama makovu kwa karibu, bila haraka. "Walikukata kwa sababu ya njaa au ya shibe?"

"Shibe, Shangazi."

"Na sasa hivi sahani moja huwezi kuimaliza?"

"Hata nusu yake."

Akamwinamia kaka yake, wakanong'onezana Kinyakyusa kwa sauti ya chini sana, nami nimesimama na blauzi iliyolowa maziwa. Mzee alikuwa anafuta viatu kwa jani la mgomba. Nikajua kazi imekwenda. Iliniuma, siwafichi. Lakini nikajiambia, ikienda na iende, tumbo lile la zamani silirudii kwa ajili ya harusi ya mtu.

Mzee Asajile akalitupa jani.

"Nilipomwoza mwanangu wa kwanza," akasema taratibu, "mpishi alikula paja la ng'ombe. Peke yake. Bibi harusi hata hajafika." Akainuka. "Wewe tutakupa jiko lote na nyama yote. Ila wa kuonja awe huyu wifi yako wa maziwa."

Shangazi Tumpe akacheka. Akanawa tena mikono, akavuta sinia, akala. Alimaliza mpaka mchuzi.

Bango silibadilishi. Litabaki "Kwa Mama Bonge", atakayechanganyikiwa aingie aulize. Na ninyi wote najua mtakuja kwenye harusi ya Ipyana, wala hamtangoja kadi. Mcheke basi, ila mkumbuke nani atakuwa ameshika upawa siku hiyo. Atakayecheka leo nitampakulia kwa kijiko changu cha chai.