Sura ya Nne na Karanga za Kuluthumu

Jumatatu, 3 Juni 2002
Programu ya kuchapia imegoma. Siku za majaribio zimekwisha, sasa inataka leseni. Yaani mimi, Batholomeo, mwenye steshenari ya maana kuliko zote Nkuhungu, ninunue ruhusa ya kutumia kompyuta yangu mwenyewe! Habibu, mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara, amenunua. Hana akili ya biashara.

Jumanne, 4 Juni
Msafiri, fundi wangu, ameleta CD ya kufungulia programu bila leseni. Inaagiza kwanza kinga ya virusi izimwe. Habibu alikuwa amekuja kuazima stepla. Akasema hata mwizi angependa mlinzi akalale kwanza. Nikamwambia anaona gere. Nimezima. Imefunguka papo hapo! Nimeendelea kuchapa utafiti wa Yasinta, mwanachuo, kuhusu zabibu za Mkonze. Mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa. Asipokabidhi, hahitimu.

Jumatano, 5 Juni
Nimemaliza sura zote. Kesho nitaprinti. Karatasi za Yasinta alizoandika kwa mkono nimempa Kuluthumu, muuza karanga wa hapo nje. Ndiyo kawaida yetu: nampa karatasi za kufungia, ananipa karanga. Kompyuta imekuwa nzito kidogo. Joto, nadhani.

Alhamisi, 6 Juni
Mafaili yote hayapo. Utafiti, kadi za harusi za watu, kila kitu. Msafiri amekuja, akasema CD za namna ile wakati mwingine huja na virusi vyake. Akauliza nani alizima kinga. Sikulipenda swali hilo.

Yasinta alipofika nikasingizia umeme. Akasema haidhuru, kaka Batho, nirudishie karatasi zangu. Nikatazama nje. Kuluthumu alikuwa anamfungia mteja karanga kwa Sura ya Kwanza. Yasinta akalia palepale mlangoni. Niliona aibu kweli.

Tumeshinda tukizunguka Nkuhungu tukiwafungulia watu karanga zao. Sura nyingine tumezipata zote; Sura ya Nne tumeipata kwa fundi baiskeli, nusu tu. Nusu nyingine alikwisha kuwashia jiko.

Ijumaa, 7 Juni
Habibu amemchapia Yasinta upya. Ile nusu iliyoungua Yasinta ameitoa kichwani. Amekabidhi alasiri, na Habibu amempa nakala kwenye disketi mbili. Kisha amevuka barabara kunirudishia stepla, akanishukuru. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 10 Juni
Sasa nimejua kosa lilikuwa wapi. Ile CD ilikuwa ya zamani. Msafiri ameleta mpya, anasema hii inafungua programu na pia inaua virusi. Inaomba kinga izimwe. Nimezima.

Mzee Yotham ameleta katiba ya ushirika wao wa zabibu, ameiandika kwa mkono, nakala moja tu. Mkutano wao ni keshokutwa. Nimemwamkia shikamoo, nimemwambia asiwe na wasiwasi. Hadi jioni nimeichapa yote. Kuluthumu amepita kuulizia karatasi, nimempa hizo za Mzee. Karanga za leo amezikaanga vizuri sana.