Beringi ya Mtani

Jumatatu, 1 Julai 1974

Ida kanipa daftari hili. Ni mjukuu wangu na ndiye mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Masanze. Darasani namwita mwalimu, nyumbani namtuma maji. Kasema niandike kila siku lililotokea, mkono uzoee. Kasema atasahihisha. Hasahihishi kitu! Daftari ni langu.

Lililotokea leo: nimedharauliwa. Samweli, mwenyekiti wa kijiji, kaja asubuhi. Shikamoo bibi, marahaba. Kakaa, kanywa uji wangu bakuli zima, ndipo akatoa kilichomleta. Eti pikapu ya marehemu mume wangu Thadeo imelala uani tangu masika. Eti gari lisilotembea ni banda la kuku. Kijiji kinatengeneza mkokoteni wa ng'ombe, mbao zipo, ng'ombe wapo, magurudumu hakuna. Na Jumapili hii ni Sabasaba, mkokoteni unatakiwa upite mbele ya wageni. Kwa hiyo kamati imeona...

Nikamwambia kamati ikaone mengine. Thadeo alikata mkonge miaka kumi na tisa kulipata gari lile. Alinifundisha kuliendesha yeye mwenyewe, katikati ya mistari ya mkonge, wakataji wakikimbia. Kofia yake bado inaning'inia kwenye kioo. Mkokoteni una kioo?

Samweli kasema haya, likitembea ni langu. Liende Mikumi na kurudi kabla ya Jumapili. Lisipokwenda, Jumapili asubuhi wanang'oa magurudumu.

Nimekubali mbele ya watu. Alipoondoka ndipo nikakumbuka kwa nini halitembei. Gurudumu la mbele la kulia linanguruma.

Jumanne, 2 Julai

Linanguruma kwa nini? Thadeo alikuwa akisema ni beringi. Na mimi nikawa naitikia, beringi, ndiyo baba, beringi. Sikuwahi kuuliza beringi ndiyo nini. Miaka yote hiyo! Leo nimeuliza. Nimeliuliza gari lenyewe.

Jeki ilikuwa na kutu, nimeinywesha mafuta ya taa ikakubali. Gurudumu hewani. Nimelishika juu na chini, nikalitikisa. Linacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Nikalizungusha, sikio kwenye chuma. Mle ndani mna mtu anatafuna kokoto.

Nimefungua. Nati za gurudumu, kikombe cha katikati, pini iliyokunjwa, nati kubwa, habu, kitovu cha gurudumu, ikatoka na grisi yake nyeusi kama masizi. Beringi mbili. Ndogo ya nje nzima. Kubwa ya ndani nimeigonga kwa mchi wa kinu changu mpaka ikasalimu amri.

Nikaiosha. Jamani! Pete mbili, moja imevaa nyingine, na katikati gololi. Tisa. Nimezihesabu mara tatu. Saba zinang'aa, moja imebanduka kama kucha, moja imepasuka. Nimekaa nayo kivulini, naizungusha kidoleni, mpaka maharage yameungua. Gari zima, na magunia, na Thadeo, na mimi, na dada yake Thadeo yule mnene, kumbe tulikuwa tumekalia gololi! Nani alikifikiria kitu hiki? Alikuwa na akili. Mkewe lazima alichoka.

Pembeni mwa pete pana namba. 6206. Namba nazisoma vizuri, kuliko jirani yangu Elizabeti anayejidai kwamba yuko kitabu cha pili.

Jumatano, 3 Julai

Nimemtuma Ida Kilosa na namba kwenye karatasi. Karudi mikono mitupu. Madukani hakuna, kijiji jirani cha Mabwerebwere hakuna. Wamemwambia asubiri ije toka Dar es Salaam, labda mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ng'ombe watakuwa wameshayazoea magurudumu yangu.

Nikafikiri. Kama kinachozunguka kina beringi, na hapa kijijini vinazunguka vitu vingi, mojawapo ni 6206. Nikatoka kukagua. Baiskeli ya katekista: gololi zimo, ila kama punje za mtama. Kanikuta nimeipindua miguu juu. Kauliza natafuta nini, nikasema dhambi. Cherehani ya Elizabeti: gololi hakuna, chuma juu ya chuma, ndiyo maana inapiga kelele kama mwenyewe. Bomba la kisima: sikufika ndani, wanawake wamenifukuza.

Nikaishia kwenye mashine ya kusaga. Anayeisimamia ni Cornel, mtani wangu. Ukoo wake na wangu hutaniana toka kwa mababu. Akinitukana nacheka, nikimnyang'anya kofia anacheka, na anayenuna anatozwa kuku. Kanipokea vizuri. Kauliza nimeleta mahindi au nimekuja kusagwa mwenyewe, maana mifupa mikavu hutoa unga mwingi. Nikamwambia sura yake ingewekwa ghalani, panya wangehama. Tukacheka. Kisha nikauliza mashine inazungukia nini.

Akajivuna, maskini. Kateremsha kopo kutoka kwenye rafu. Ndani ya kopo karatasi yenye mafuta, ndani ya karatasi beringi mpya. Ya akiba. Kasema ina miaka miwili hapo, haiguswi hata na mwenyekiti.

Nimesoma pembeni. 6206.

 Nimerudi nyumbani, chakula kimenishinda.

Alhamisi, 4 Julai

Kuiba ni dhambi. Kuazima, mtu anakuja kudai. Lakini utani si wizi wala si kuazima. Nimelala na wazo hili na nimeamka nalo, halijachacha.

Nikangoja foleni ijae, wanawake ishirini na madebe yao. Mashahidi! Nikaingia, nikasalimu, nikachukua kopo rafuni, nikalikumbatia. Nikasema kwa sauti kubwa: mtani, leo nimekutekea mtoto! Wanawake vigelegele. Cornel kacheka, kanyosha mkono nimrudishie. Nikamwambia akitaka kununa anune, kuku nitamchagua mwenyewe. Wanawake wakaanza kuwika kama majogoo. Angefanya nini? Kacheka tena, safari hii meno tu.

Kanifuata mpaka njiani ananong'ona, bibi, bibi, ile si yangu, ya mashine. Nikamjibu mashine haina ukoo.

Ijumaa, 5 Julai

Thadeo alisema chuma kikipata moto kinatanuka. Na kikipata baridi je? Hilo hakusema. Nikawaza, kama unga ukilowa unavimba na ukikauka unasinyaa, chuma nacho kina tabia zake. Basi kopo la beringi nimeliweka kwenye mtungi wa maji toka jana. Habu nimeitia kwenye chungu cha maharage, maji yakachemka. Ida kauliza tutakula nini. Nikasema leo tunakula elimu.

Habu moto, beringi baridi. Nikaipachika, nikaigonga kwa mchi taratibu, huku kidogo, huku kidogo. Ikaingia! Kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Kumbe ni kweli! Nikapiga ukelele, Elizabeti akachungulia uani. Nikamwambia akasome kitabu cha pili.

Grisi ya Thadeo ilikuwepo, nimeijaza kwa kidole. Nati nikaikaza mpaka gurudumu likagoma, nikalegeza kidogo, likazunguka. Kimya. Nimelizungusha mpaka mkono ukauma, nasikiliza tu ule ukimya.

Jumamosi, 6 Julai

Mikumi na kurudi! Wanawake wa kisomo wamesukuma, gari likakohoa, likawaka. Samweli kakaa mbele kama shahidi, kashika mlango kwa mikono miwili njia nzima. Kauliza leseni. Nikamwambia Thadeo alikuwa nayo. Kasema kuna nyani barabarani. Nikasema nyani ana macho.

Mikumi kashuka mbio, kaweka kiganja kwenye habu, alitaka akute moto. Vuguvugu! Kakitazama kiganja kama kimemsaliti. Nikamuuliza kamati imeona nini.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mkokoteni umepita mbele ya wageni bila magurudumu, umebebwa na wanaume wanne mabegani. Mgeni mmoja akavua kofia, alidhani ni maiti. Mimi nyuma yao na pikapu. Kimya kabisa, gurudumu langu.

Jumatano, 10 Julai

Mashine ya kusaga imekufa. Jana nilisikia toka nyumbani, nikaitambua sauti: kokoto. Leo imelia mara moja, ikasimama. Cornel kafungua, gololi zikamwagika sakafuni. Akanyosha mkono rafuni. Rafu tupu.

Kaja kwangu na foleni yote nyuma yake. Hakununa! Kasimama uani, kacheka, kasema mtani, nimekuja kumwona mtoto anavyokua. Nikamwambia mtoto keshaoa, anakaa kwa gurudumu, kumtoa sasa ni kuvunja ndoa. Mama mmoja akacheka. Wengine hawakucheka. Wamebeba mahindi, nyumbani watoto hawajala, na Elizabeti, toka mashine ilipokufa asubuhi katwanga debe zima kwa mkono, kafunga viganja vyote viwili matambara. Hakunisema. Heri angenisema.

Samweli kafika, kikao hapo hapo, kwa uji wangu tena. Kamati imeona: gari ni la bibi, tulishakubaliana. Lakini beringi ya mashine iko garini, basi na kazi ya mashine iko garini. Mpaka nyingine ije toka Dar, bibi atapeleka mahindi ya kijiji kusagwa Kilosa, kila siku isipokuwa Jumapili.

Nikasema sawa, ila sitaki wa kunielekeza njia. Cornel kasema yeye atakaa mbele, amwangalie mwanawe asije akaanguka. Nilitaka kununa. Kuku wangu ni wachache.

Jumamosi, 13 Julai

Safari ya tatu. Magunia kumi na moja, wanawake sita juu yake, mbele Cornel kavaa kofia ya Thadeo. Kainyofoa kwenye kioo mbele ya umati wote, kasema mtani nami nimeteka. Nimecheka. Meno tu.

Asubuhi nimemfumania Ida anasoma daftari hili. Nimemchapa nalo begani. Kaniuliza, bibi, katika yote haya umejifunza nini? Mengi! Beringi ina gololi tisa. Chuma kinatanuka. Habu inapimwa kwa kiganja. Kasema si hayo. Basi yapi? Mwalimu mzima hajui anauliza nini.

Tulipovuka daraja kuingia Kilosa, gurudumu la kushoto likaanza. Kokoto. Cornel hakusikia, alikuwa anasemezana na kofia. Mimi nikakaza uso.

Mashineni, wenzangu wanashusha magunia, nikainama kutazama inazungukia nini. Namba ileile. Nikainua macho: rafu, na juu ya rafu kopo. Msimamizi wake anaitwa Tomasi, mtu mnene, mpole, mwenye shikamoo ndefu. Nimemwitikia vizuri. Nikamuuliza polepole babu yake ni wa ukoo gani.

Kautaja. Uleule wa kina Cornel.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamuuliza, foleni yake hapa hujaa saa ngapi.