Miadi ya Mgeni Asiyetarajiwa

Kwa heshima na taadhima, Kitengo cha Uthibitisho wa Asili katika ofisi ya mkoa wetu kinautangazia umma kwamba foleni imefutwa. Si kwamba watu wamepungua. Watu ni walewale na wamesimama palepale kwenye theluji, ila tangu Oktoba jina lao rasmi ni Wasubiri wa Hiari, na mtu wa hiari hana sababu ya kulalamika.

Wazo hilo, kama mawazo yote mazuri hapa kwetu, ni la Mkurugenzi Zenobiusz Wróbel. Mimi ni afisa msaidizi wake. Kazi yangu ni kumwagilia mmea wake wa dirishani, kugonga mihuri, na kutotoa maoni. Hii ya mwisho ndiyo ninayoiweza zaidi.

Kitengo chetu huamua nani ni Mpolandi na nani anajidanganya. Mwezi wa Novemba alitujia Bi Walentyna Sorocka, muuguzi mstaafu kutoka Kazakhstan, ambako bibi yake, Mpolandi, alipelekwa kwa nguvu na Wasovieti ndani ya behewa la ng'ombe. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha pamoja na mwaka. Binti yake Olesia, aliyeolewa hapahapa mjini, alikuwa anatarajia kujifungua Januari. Bi Walentyna aliomba kitu kimoja tu: awepo.

“Tunahitaji cheti cha ubatizo cha bibi yako,” Mkurugenzi alimwambia.

“Kanisa liliungua, bwana mkubwa. Lote, na paa lake.”

“Hakuna shida. Lete barua ya kanisa kuthibitisha kwamba liliungua.”

“Iandikwe na nani? Majivu?”

“Na padri wa parokia.”

“Padri alipakiwa behewa moja na bibi.”

Mkurugenzi akaandika kwenye faili: *Padri hayupo ofisini kwa sasa.*

Kwa kuwa sisi ni watu wa kusaidia, alimshauri aende mwenyewe kulitafuta kanisa hilo, ambalo siku hizi liko ng'ambo ya mpaka.

“Nikitoka, nitaruhusiwa kurudi?” aliuliza Bi Walentyna.

“Kutoka unaruhusiwa saa yoyote, mama. Hapa si gereza.”

“Nimeuliza kurudi.”

“Kurudi ni ombi jipya.”

Ikabaki njia ya pili, usaili wa mila. Bi Walentyna aliimba nyimbo za Krismasi hadi Heniek, mlinzi wetu wa mlangoni, akavua kofia. Akaeleza jinsi bibi yake alivyotandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza hata kule nyikani, wakati juu ya kitambaa hakukuwa na chakula. Mkurugenzi alisinzia kidogo, kisha akauliza swali la mwisho.

“Mkesha wa Krismasi, sahani moja huachwa tupu mezani. Ni ya nani?”

“Ya mgeni asiyetarajiwa.”

“Vizuri sana. Na mgeni huyo anatakiwa kuwa na nini?”

Bi Walentyna alimtazama kama anayetazama mgonjwa. “Njaa,” alisema.

“Umekosa, mama. Kibali cha ukaazi.”

Nikagonga muhuri wa kukataliwa. Niliugonga taratibu, lakini muhuri ni muhuri.

Desemba Mkurugenzi aliboresha pia karamu yetu ya ofisini ya mkesha wa Krismasi. Kwa waraka wake, nyota ya kwanza, ambayo watu huingoja ndipo waanze kula, ingeonekana saa sita na nusu mchana, ndani ya saa za kazi. Sahani na viti viwe sawa na idadi ya watumishi, na nafasi moja iongezwe kwa mgeni asiyetarajiwa, ambaye atajisajili mapema mtandaoni ili atarajiwe ipasavyo. Ukurasa wa miadi niliutengeneza mimi. Sina maelezo ya jinsi anwani ya ukurasa huo ilivyojikuta nyuma ya barua ya kukataliwa ya Bi Walentyna, kwa mwandiko unaofanana na wangu.

Siku ilipofika, Bi Walentyna aliingia na karatasi yake ya miadi. Heniek akaikagua, akamwonyesha kiti. Mkurugenzi alisimama kwa hasira.

“Huyu anatafuta nini hapa?”

“Ni mgeni asiyetarajiwa, bwana mkurugenzi,” alisema Heniek. “Tulikuwa tunamtarajia.”

Kabla Mkurugenzi hajapata kifungu cha kumtolea nje, mlango ulifunguliwa tena. Akaingia mkuu wa mkoa, theluji mabegani, na nyuma yake mpiga picha wa televisheni.

“Jamani!” alisema kwa sauti ya kamera. “Je, kuna nafasi kwa mgeni asiyetarajiwa?”

Sote tukaitazama ile sahani. Bi Walentyna alikuwa anapuliza supu yake ya bitiruti.

“Una miadi?” Heniek aliuliza.

“Heniek! Huyo ni mkuu wa mkoa!” alifoka Mkurugenzi.

“Mimi nafuata waraka, bosi. Umesaini wewe.”

“Njoo, mwanangu, usigande hapo mlangoni,” alisema Bi Walentyna. “Kaa kwenye kiti cha huyu bwana. Toka nije yeye amependa kusimama.”

Mkuu wa mkoa akakaa. Bi Walentyna akamnyooshea mkate mwembamba wa kuvunjiana, wakamegeana, naye akamtakia heri kwa Kipolandi cha zamani, kile cha mabibi, ambacho mjini hakisikiki tena. Mkuu wa mkoa akasahau kamera.

“Bibi yangu alisema hivihivi,” alisema. “Mama, wewe ni wa wapi?”

“Mimi sijui, mwanangu. Muulize huyu bwana, ndiye anayejua mimi ni wa wapi.”

Mkurugenzi akakohoa. “Kwa mujibu wa faili, mheshimiwa, si Mpolandi. Alikosa swali la sahani.”

“Swali gani?”

Mkurugenzi akanigeukia, akiamini sitoi maoni. Sikutoa. Nilisoma faili tu: “Swali: mgeni asiyetarajiwa anatakiwa kuwa na nini? Jibu la mwombaji: njaa. Jibu sahihi: kibali cha ukaazi.”

Mkuu wa mkoa aliitazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

“Na changu kiko wapi, Wróbel?”

Uamuzi mpya, wa kumkubali Bi Walentyna, ulisainiwa kabla keki ya mbegu za mpopi haijakatwa. Heniek ndiye aliyekimbilia muhuri. Safari hii niliugonga hadi vijiko vikaruka.

Januari Olesia alijifungua msichana, na bibi yake alikuwepo. Mkurugenzi Wróbel, kama ilivyo desturi kwa waliokosea mbele ya kamera, alipandishwa cheo. Anaongoza Kitengo cha Mawasiliano na Makanisa Yaliyoungua, kwenye ghala la chini, peke yake. Anasubiri majibu.

Mkesha uliofuata, tulipokuwa tumeshakaa mezani, mlango uligongwa. Heniek akachungulia. Wróbel alikuwa amesimama nje kati ya Wasubiri wa Hiari, kofia mkononi.

“Una miadi?” Heniek aliuliza.

“Sina.”

“Barua? Uthibitisho wowote?”

“Sina, Heniek.” Alivuta harufu ya supu. “Nina njaa.”

Heniek akanigeukia. Jibu lilikuwa sahihi. Tukamfungulia.